Mnara Usio na Majina: Vita vya Tanganyika na Usahaulifu Wetu

Anayeshuka kwenye kituo cha treni cha mtaa wa U, Washington, huibuka kutoka chini ya ardhi na kukabiliana ana kwa ana na ukumbusho wa askari Weusi waliopigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, baina ya mwaka 1863 na 1865. Katikati imesimama sanamu ya shaba ya mchongaji Ed Hamilton, iliyozinduliwa mwaka 1998. Nyuma yake kuna kuta zilizobandikwa mabamba ya chuma, na juu ya mabamba hayo yamechongwa majina 209,145, kikosi kwa kikosi: majina ya askari Weusi pamoja na ya maofisa wao Wazungu.

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi katika jiji hili na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia tumezoea kuwapeleka wageni wetu mahali hapo. Mwaka jana nilimpeleka mzee mmoja kutoka nyumbani, mtu wa rika la baba yangu. Alisogea karibu, akapitisha kidole juu ya safu ya majina, akayasoma polepole kama asomaye hitima. Kisha akaniuliza, "Na wa kwetu, mwanangu, wameandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ninalo leo, nalo halipendezi: wengi wao hawakuandikwa popote. Nasema wazi kwamba lawama ya jambo hili haiwaangukii wakoloni peke yao. Sehemu yake kubwa inatuangukia sisi tunaojiita wasomi wa Kiswahili, tuliorithi lugha iliyohifadhi habari za vita vile, tukaigeuza kuwa uwanja wa kupimia mizani na vina tu.

Tukumbushane kwanza habari yenyewe, maana hata miongoni mwa waliosoma si wengi wanaoijua zaidi ya kichwa cha somo. Kabla ya Tanganyika kuwa dola tarehe 9 Desemba 1961, na hata kabla ya kupewa jina hilo na Waingereza mwaka 1920, ardhi ile ilikuwa uwanja wa vita vya miaka minne. Vilianza Agosti 1914. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi liliteremka Tanga likapigwa na kurudishwa melini. Mwaka 1916 Waingereza na Makaburu waliingia kwa upande wa Kilimanjaro, na Septemba ya mwaka huo huo majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yakaiteka Tabora. Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, kusini karibu na Lindi, pigano lililokuwa miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi kupita yote katika vita vile. Wadachi walivuka Ruvuma wakaingia Msumbiji, wakarudi, wakaelekea Rodesia ya Kaskazini, na hatimaye wakaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Hayo ndiyo yanayoandikwa. Yasiyoandikwa ni nani aliyebeba. Katika nchi yenye mbung'o waliowaua farasi na ng'ombe, na ambayo reli zake zilikuwa mbili tu, kila risasi, kila gunia la unga na kila machela ya majeruhi vilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliotumikishwa katika makoloni yote yaliyohusika wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa kupita 90,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa, njaa na uchovu. Kwa upande wa Wadachi mahesabu ni hafifu zaidi, kwani vijiji vilichukuliwa watu na chakula bila kuulizwa. Ugogo, nchi iliyonyang'anywa nafaka na mifugo na majeshi ya pande zote, ilifikwa na njaa ambayo Wagogo waliipa jina lake, Mtunya, na jina hilo limedumu vinywani mwao. Angalia basi: njaa ina jina, na waliokufa kwa njaa hiyo hawana.

Sasa tuingie Dar es Salaam. Katika njia panda mashuhuri ya jiji imesimama sanamu ya askari wa shaba aliyeelekeza bunduki yake yenye singe upande wa bandari. Iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, mahali ambapo Wadachi walikuwa wamemsimamisha Wissmann wao. Chini yake pana maneno yaliyotungwa na Kipling, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha hati za Kirumi na cha hati za Kiarabu. Maana ya maneno hayo ni kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji, zunguka sanamu ile mara moja, zunguka mara mbili, tafuta hilo jina litakalokumbukwa. Halipo hata moja. Wana wameahidiwa kulikumbuka jina ambalo aliyeahidi hakutaka kuliandika.

Kutoka hapo, mwendo wa miguu usiochosha unakufikisha Kariakoo. Kila Mtanzania anaijua Kariakoo. Wachache wanajua kwamba neno hilo ni Kiswahili cha jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi, na kwamba soko na mtaa viliitwa hivyo kwa sababu wapagazi walikuwa na kambi pale. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Tunanunua vitunguu na khanga juu ya kumbukumbu ya watu waliokufa, na lugha yetu, kwa uaminifu kuliko sisi, imeendelea kuwataja kila siku bila sisi kusikia.

Najua ya kuwa hapa pana watakaosema kosa ni la Mwingereza. Ni kweli, na ushahidi ametoa yeye mwenyewe. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka 1917 chini ya kanuni kwamba wafu wote wataheshimiwa sawa bila kujali cheo wala asili, ilichapisha mwaka 2021 ripoti iliyokiri kwamba kanuni hiyo haikufuatwa Afrika. Ripoti yasema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika utumishi wa himaya hiyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Yaeleza pia jinsi ilivyoafikiwa kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi porini. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Haya yote ni ya kulaaniwa, na aliyeyalaani hajakosea.

Lakini kulaani ni kazi nyepesi. Swali zito ni hili: toka mwaka 1961 nchi ni yetu, shule ni zetu, vyuo vikuu ni vyetu, magazeti na majarida ni yetu. Je, ni nani aliyetuzuia?

Tumejizuia wenyewe, na nitataja visingizio vitatu tunavyovitumia.

Kisingizio cha kwanza ni kwamba vita vile havikuwa vyetu. Vilikuwa vya Wazungu, tumevutwa tu, basi tuwaachie wenyewe. Maneno haya yana sauti ya uzalendo, na ndiyo maana ni ya hatari. Mtu aliyefungwa kamba kiunoni akaondolewa shambani kwake Kilosa au Ulanga, akabebeshwa mzigo hadi Ruvuma akafia njiani, vita vile vilikuwa vyake kwa namna ambayo havikuwa vya waziri yeyote wa Berlin au London. Kusema havikuwa vyetu ni kumwambia kwamba kifo chake nacho hakikuwa chetu. Tena, kwa kuviacha vita mikononi mwa wenyewe, tumewaachia wenyewe wasimulie. Nao wamesimulia. Wametupa jemadari Mdachi hodari asiyeshindwa. Wametupa visa vya mashua za kivita katika Ziwa Tanganyika. Wametupa filamu ya mwaka 1951 yenye mto, meli mbovu na wapenzi wawili Wazungu. Mwafrika katika masimulizi hayo ni sehemu ya mandhari, kama mbu na matete.

Kisingizio cha pili ni kizito zaidi, na sitaki kukipita kwa haraka. Yasemwa: askari wa Wadachi ndio waliozima Maji Maji. Ndio waliochoma maghala ya chakula kusini baina ya mwaka 1905 na 1907, hata watu wakafa kwa njaa kwa makumi ya maelfu na zaidi. Ndio waliosimama chini ya miti ya kunyongea Songea mwaka 1906. Je, hao nao tuwaandike ukutani, karibu na mashujaa tunaowaadhimisha kila Februari?

Hapa ndipo ulinganisho na ukuta wa Washington unapoyumba, na ni haki kukiri. Wale 209,145 walipigana upande uliovunja utumwa. Kikosi cha kwanza cha askari Weusi cha serikali ya Marekani kiliandikishwa hapa hapa Washington mwaka 1863, kikapiga kambi katika kisiwa cha mto Potomac ambacho leo hii watu huenda kutembea kwa mapumziko. Na katika safu zake walikuwamo watu waliokuwa watumwa hadi jana yake. Waliweza kusema wanapigania uhuru wao wenyewe. Askari wa Mdachi hakuweza kusema hivyo, wala askari wa Keya wa Mwingereza. Nami nakataa ushairi wowote utakaowageuza kuwa wapigania uhuru wasiojijua.

Hata hivyo, jina si nishani. Kuandika kwamba fulani alikuwako, akatumika, akafa, si kusema kwamba alitenda mema. Hakimu huandika jina la mshitakiwa kama aandikavyo la mlalamikaji. Taifa lisiloweza kuwataja ila mashujaa wake halina historia, lina ngano. Na wapagazi, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko askari kwa mbali, walichoma ghala la nani? Tumewatupa pamoja na askari katika shimo moja la usahaulifu kwa sababu kutenganisha kulikuwa na taabu, na sisi hatukutaka taabu.

Tazama athari yake katika ratiba ya kumbukumbu zetu. Tunafundisha Maji Maji, kisha tunaruka. Jeshi letu tunalihesabu toka Septemba 1964, kisha tunaitaja Kagera ya 1978 na 1979, na kila tarehe 25 Julai tunaweka mashada. Kati ya 1907 na 1964 pana nusu karne ya watu wetu waliovaa sare, waliobeba, waliokufa katika vita viwili vya dunia, na sisi tunaipita nusu karne hiyo kama apitaye nyumba ya jirani aliyegombana naye.

Kisingizio cha tatu ni cha wasomi, nacho ndicho kinachonikera kuliko vyote: eti hakuna ushahidi. Hakuna nyaraka, wazee wamekufa, basi tufanyeje?

Nyaraka zipo. Kwanza, mshahara haulipwi bila orodha. Serikali iliyomlipa mpagazi rupia chache kwa mwezi ilikuwa na daftari, na mishahara ya maelfu waliokufa ilibaki bila kufikishwa kwa warithi wao. Deni lisilolipwa nalo huacha karatasi. Pili, tuna tenzi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na utenzi wake ukachapishwa mwaka 1955. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga juu ya Maji Maji, ukachapishwa mwaka 1957. Hizi ni kumbukumbu za kivita zilizoandikwa kwa Kiswahili na watu wa mahali penyewe, zenye majina ya watu, vijiji na makundi. Sisi wahakiki tumezifanyia nini? Tumehesabu mizani. Tumechambua takriri. Tumejadili taathira ya Kiarabu. Ni nadra kumwona mhakiki akikaa na utenzi mmojawapo, kalamu mkononi, akaorodhesha kila mtu aliyetajwa na kuuliza alikuwa nani, alizikwa wapi, na nani wa ukoo wake yu hai.

Tatu, tuna beni. Ngoma ile ya bendi na vyeo vya kijeshi, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilisambaa Afrika Mashariki pamoja na askari na wapagazi wa vita hivyo. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, kwa Kiingereza. Miaka hamsini imepita tangu hapo. Nani kati yetu amekiendeleza kwa Kiswahili?

Na hata pale ambapo mtu mmoja ana jina kamili na maisha yanayojulikana, tumewaachia wengine wamkumbuke. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejiita pia Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa mtoto tu alipoingia katika jeshi la Wadachi pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, akakataliwa. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha jiji lile. Akaishia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, ambako alifariki Novemba 1944. Wadachi wameweka jiwe lenye jina lake katika barabara ya Berlin. Mwalimu wa Kiswahili, mwana wa Dar es Salaam, na kati ya wanafunzi wetu wa fasihi sijakutana na hata mmoja aliyepata kumsikia.

Atasema mtu kwamba Abdulrazak Gurnah amekwisha kutufanyia kazi hiyo katika riwaya yake ya mwaka 2020 inayohusu vita vile na watu walioviishi. Amefanya kazi kubwa, nami namshukuru. Lakini riwaya haiwezi kuwa orodha ya wafu, wala si haki kumtwisha mwandishi mmoja, tena anayeandika kwa Kiingereza, mzigo wa jamii nzima. Mzigo huu umekwisha kuwaua wapagazi wa kutosha.

Nisemapo haya siwasahau wenzangu wa ughaibuni. Jiji tunaloishi lina somo kwetu. Washington si jimbo hadi leo. Wakaazi wake wanalipa kodi bila kuwa na mbunge mwenye kura kamili katika Bunge la Marekani. Askari wale wa 1863 waliandikishwa katika eneo lisilo na sauti, na majina yao yalilala katika daftari za serikali kwa zaidi ya karne. Toka vita vyao kwisha mwaka 1865 hadi ukumbusho kuzinduliwa mwaka 1998 ni miaka 133. Hayakufika ukutani kwa hisani. Yalifika kwa sababu kulikuwa na watu walioamini kwamba daftari la zamani ni mali yao, wakaenda kulifungua. Kwetu, toka 1918, miaka hiyo 133 itatimia mwaka 2051. Mtu asiniambie basi kwamba tumechelewa.

Ninachodai ni kidogo, na kinawezekana. Kila mhakiki anayeandika juu ya tenzi za vita aongeze mwishoni mwa makala yake orodha ya watu na mahali palipotajwa. Idara za Kiswahili na za historia ziwatume wanafunzi wao, kila mmoja kijijini kwake, waulize swali moja tu: nani alichukuliwa wakati wa Mdachi na hakurudi? Sisi tulio hapa, tunaoweza kuingia Maktaba ya Bunge la Marekani kwa kadi ya bure, maktaba yenye ofisi Nairobi toka mwaka 1966 na chumba cha usomaji cha Afrika hapa hapa, tuache kwenda pale kupiga picha chini ya kuba na twende kusoma. Na Tume ya Makaburi, ambayo sasa inasema inatafuta majina, idaiwe kwamba kila jina litakalopatikana la Afrika Mashariki lichapishwe kwa Kiswahili, hadharani, bure, mahali ambapo mjukuu wa Mahenge ataweza kulisoma kwa simu yake.

Namalizia kwa kukiri hatia yangu, nisije nikaonekana mwenye kunyoosha kidole huku vidole vingine nimevificha. Ndugu wa babu yangu mzaa baba alichukuliwa na majeshi, hakurudi. Nyumbani kwetu anatajwa kwa maneno haya tu: yule aliyekwenda na mizigo. Nilikua nikiyasikia, nikayaona ni maneno ya kawaida, kama mtu anavyosema yule wa mtoni au yule mrefu. Sikuuliza jina. Shangazi yangu mkubwa alilijua. Nilipopata shahada yangu ya pili alikuwa hai. Nilipopata ya tatu alikuwa amefariki, na jina akaenda nalo.

Mzee yule mgeni aliponiuliza wa kwetu wameandikwa wapi, alikuwa ananiuliza habari za mtu huyo. Sina cha kuandika ukutani kwa ajili yake. Wewe unayesoma, ikiwa kwenu bado yuko shangazi anayejua, mpigie simu leo.